Tuleteeni chanjo ya homa ya ini mwaloni, tena wakati wa mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi moja. Nitakuwa mrefu kidogo, unisamehe. Kinyozi asipoongea mteja husinzia.

Nanyoa Kibirizi, hapa Kigoma, hatua chache kutoka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Nina kiti kimoja, kioo chenye ufa, benchi la wanaosubiri, na mwembe unaotupa kivuli umeme ukikatika. Kazi yangu haifuati tarehe ya mshahara kama ya wenzangu wa Mwanga mjini. Inafuata mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na giza likiwa nene ndipo dagaa wanaifuata taa. Mwezi ukipevuka ziwa zima linang'aa, taa haina kazi, na wavuvi wanapanda nchi kavu kwa siku kadhaa. Ndizo siku tunazoziita mbalamwezi. Wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao, wanakuja kunyoa. Siku hizo nanyoa mpaka mashine inachemka mkononi. Giza likirudi nabaki napiga miluzi.

Nimeanza na mwezi kwa sababu ombi langu lote limeegemea hapo. Lakini kwanza nimzungumzie kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mvuvi, alivua kutoka Kagunga mpaka kusini kule Kalya. Alifariki akiwa na miaka 44. Alianza kwa kuchoka tu. Mtu aliyezoea kuvuta nyavu usiku kucha akawa anaomba apumzike baada ya mivuto miwili. Akapungua mwili, macho yakageuka manjano, kisha tumbo likajaa maji na miguu ikabaki kama vijiti. Hapa mwaloni tumbo la namna hiyo lina maelezo yake tayari: kalishwa kitu. Na ukishasema kalishwa, lazima awepo mlishaji, na mlishaji hatafutwi mbali. Neno lilimwangukia tajiri wake wa zamani, ambaye waliwahi kugombania injini ya boti. Mpaka leo mama yetu haitikii salamu ya mtu yule. Msibani alikuja, akakaa pembeni peke yake, akaondoka kabla ya chai.

Kabla ya hospitali tulimpeleka kaka kwa mganga. Mganga alimchanja tumboni na mgongoni, akampaka dawa nyeusi. Halafu akasema jambo hili lisije likarukia ndugu, akatuita mmoja mmoja sisi wa tumbo moja, akatuchanja kifuani. Wembe ulikuwa uleule. Mimi, Mhariri, ambaye wembe ndio jembe langu, niliuona. Niliona damu ya kaka yangu ikiwa bado kwenye makali. Nikavua shati.

Hospitalini daktari alituambia ini limeota uvimbe wa saratani, na kwamba chanzo chake ni homa ya ini aina ya B, ambayo kaka huenda aliishi nayo tangu utotoni. Tukaitika, "Sawa daktari." Neno tulilolisikia ni saratani, basi. Tukarudi naye nyumbani, na baada ya wiki tano tukamzika.

Miaka mitatu ikapita. Mke wangu akajifungua kwa shida, akahitaji damu, nasi ndugu tukaombwa tukachangie. Tulikwenda watatu: mimi, shemeji yangu, na mdogo wangu wa mwisho aliyezaliwa 1996. Damu ya mchangiaji hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, na homa ya ini B na C. Mimi na shemeji hatukuitwa tena. Mdogo wangu aliitwa. Sitakitaja kituo, wala nani alikuwa dirishani. Nasema kilichotokea tu. Alipewa kikaratasi akaambiwa, "Una homa ya ini. Usichangie damu tena." Basi. Foleni ilikuwa ndefu, akapishwa mwingine.

Kijana alirudi nyumbani akiwa ameshajizika. Akaomba sahani yake na kikombe chake, akahamia kulala sebuleni. Mkewe akafikiri kuna mwanamke mwingine. Ndugu waliojua wakaanza kumpa mkono kwa ncha za vidole. Kwa karibu mwezi mzima tuliishi hivyo, nyumba nzima tukiogopa kikombe.

Aliyetutoa gizani ni nesi mstaafu ambaye huniletea mjukuu wake nimnyoe. Mama huyu hana haraka, na hapendi kuona mtu anafanya jambo ovyo. Nilikuwa namsimulia habari za mdogo wangu huku nimeshika mashine. Akaniambia, "Zima hiyo mashine, baba, unisikilize." Nikazima.

Akasema homa hii haiambukizwi kwa sahani, wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, kukohoa au kukumbatiana. Inapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Akasema kirusi chake kikidondoka na damu juu ya kitu, kinaweza kukaa hapo siku saba kikiwa hai, hata damu ikishakauka. Aliposema siku saba akaiangalia meza yangu ya vifaa. Na mimi nikaiangalia.

Kisha akauliza swali ambalo sisi wote tulikuwa hatujalifikiria: "Mama yenu amepimwa?"

Nilimpeleka mama. Ana miaka 68, analima, anabeba kuni, anakemea watu, mzima kabisa. Akakutwa nayo. Nesi alinieleza baadaye kwa utaratibu wake. Mtoto mchanga akiambukizwa, katika kila 100 kama 90 hubaki nayo maishani. Mtu mzima akiambukizwa, wengi mwili huisukuma nje wenyewe, wanaobaki nayo hawafiki watano katika 100. Kwa hiyo ule wembe wa mganga ulikuwa wa hatari kwelikweli, na namshukuru Mungu mimi haukunipata, lakini si lazima ndio uliompa mdogo wangu. Yawezekana kabisa yeye na kaka walikipata kirusi kwa mama walipozaliwa. Yawezekana tajiri wa watu hana analolijua.

Mama aliambiwa ana kirusi, na kwamba arudi kupimwa ini kila baada ya muda. Yaliyobaki hakuna aliyemwambia. Mimi sina ulimi wa kumwambia. Kikaratasi chake ninacho kwenye droo ya kaunta, chini ya vitana. Mbalamwezi iliyopita yule tajiri alikuja kunyoa ndevu. Nilimnyoa vizuri kuliko wateja wote wa siku ile, nikakataa hela yake. Hakuuliza, nami sikueleza.

Sasa niingie kwenye chanjo yenyewe. Mdogo wangu chanjo haimsaidii tena, kwa kuwa kirusi kiko ndani tayari. Yeye ni wa kufuatiliwa, na daktari ameshamwanzishia vidonge vya tenofoviri. (Si kila mwenye nayo huanza vidonge, wengine hufuatiliwa tu.) Kumbe dawa hiyo ndiyo hiyohiyo inayotumika pia kwa wenye virusi vya UKIMWI, na jirani mmoja alipoliona kopo, maneno yakasambaa mwaloni kabla ya jua kuzama. Hilo ni la barua nyingine.

Chanjo ni kwa ajili ya mkewe, ambaye alipimwa akakutwa hana. Ni kwa ajili yangu mimi, na kwa mke wangu. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Unapimwa kwanza, kisha unachomwa begani. Nasisitiza begani, maana nimeshabishana na mvuvi mmoja aliyekuwa ameshalegeza mkanda.

Na nikuchekeshe kidogo, Mhariri. Siku nilipokwenda kuchanja, muhudumu aliniuliza kama nimewahi kupata chanjo hii. Nikajibu kwa kifua mbele, ndiyo, nikatoa kadi yangu ya njano. Kadi hiyo niliipata mwaka nilipovuka na boti kwenda Kalemie, Kongo, kumwona binamu. Muhudumu akaigeuza mbele na nyuma, akatabasamu. "Baba, hii ni ya homa ya manjano. Ile inaletwa na mbu. Sisi tunaongelea homa ya ini." Miaka yote nilitembea nayo nikijua nimejikinga. Na si mimi peke yangu. Hapa Kigoma ni mji wa bandari na mpaka, watu wanavuka kwenda Kongo, wanakwenda Burundi, kadi za njano ziko kwenye mifuko mingi. Nimewauliza wateja kumi na wanne katika mbalamwezi moja. Tisa walisema wameshachanjwa homa ya ini. Nikawaambia nionyesheni kadi. Wote tisa ni ya njano. Macho yakigeuka manjano sisi tunaita manjano, tumemaliza; ugonjwa wa mbu na ugonjwa wa damu tumevipa jina moja, na chanjo ya mmoja tunadhani inakinga wa pili.

Neno chanja lenyewe hapa mwaloni lina kazi nyingi. Kuna chanja ya kuanikia dagaa. Kuna kuchanja kwa mganga. Kuna kuchanja kuni. Ukimwambia mvuvi "nenda kachanje", haijulikani amesikia lipi.

Nesi wangu ndiye aliyenieleza kwa nini mimi na wa umri wangu tuko uchi. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002, ikiwa imechanganywa na ile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Tangu 2009 imo ndani ya pentavalenti, yaani chanjo tano kwa sindano moja, ambayo mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Nilikwenda nyumbani nikatoa kadi za kliniki za watoto wangu. Ya binti yangu mkubwa, wa 2005, imeandikwa DPT-HB, mara tatu, mihuri mitatu. Hiyo HB ndiyo homa ya ini. Miaka yote imo kwenye sanduku la vitenge sikuwahi kujua maana yake. Ya wa mwisho imeandikwa penta, mara tatu. Ya wa kati ina mihuri miwili. Mwaka ule tulikuwa tumehamia Kalya kwenye uvuvi. Huyo yuko kidato cha tatu sasa, naye nimempeleka amalizie. Wala haanzi upya: dozi ikichelewa unaendelea ulipoishia. Hilo nalo watu hawalijui, wanaona aibu kurudi, wanaacha.

Ukitaka kujua una nini, kafungue sanduku la mama yako utafute kadi. Kama ulizaliwa kabla ya 2002, usihangaike, haimo.

Nina kijana ananisaidia kazi, ana miaka 17, katoka kijijini Uvinza. Kazaliwa nyumbani, mama yake kafariki, kadi hana, hakuna anayejua alichomwa nini. Anashika wembe kila siku. Wenzake wa umri huo wako shuleni, wako mabweni, wanaazimana nyembe kama wanavyoazimana kalamu. Wengine wanachorana tatuu kwa sindano na wino wa peni, nimeziona mikononi mwao wakija kunyoa. Kisheria sijui huyu kijana wangu ni mtoto au mtu mzima. Kwenye chanjo si yeyote: kliniki ya watoto ameshaipita, na ya watu wazima ni ya kulipia.

Sasa mtu atasema, na mteja wangu mmoja msomi alisema kweli: kama mtu mzima wengi wanapona wenyewe, kwa nini serikali ihangaike na mibaba kama wewe? Si bora hela yote iende kwa watoto wachanga? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Watoto waendelee, tena kwa kweli wangeanza saa 24 za kwanza tangu kuzaliwa kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kwa sababu kwa familia kama yetu wiki ya sita imeshachelewa. Lakini mtoto anaipata kwa mama, na mama ni mtu mzima aliyezaliwa kabla ya 2002, au ni binti ambaye kadi yake ina mihuri miwili. Mume analala na mke. Na watano katika mia si wachache ukiwahesabu mwaloni. Nikihesabu vichwa vya mbalamwezi moja tu kwenye kiti changu, napata watu wangapi hapo? Tena kuna wanaoumwa vikali palepale wanapoambukizwa, ini likashindwa, wakafa bila kusubiri saratani. Shirika hilohilo lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake mwaka huohuo. Kaka yangu alitangulia kidogo.

Jambo jingine alilonieleza nesi ni umri. Chanjo hii mwili wa kijana huitikia vizuri sana; ukipita miaka 40 unaanza kuwa mzito wa kuitikia. Mimi nina 41. Kila mwaka tunaongoja ni mwaka chanjo inapungua nguvu ndani yetu.

Nikiri na ya kwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa napitisha pamba ya spiriti kwenye mashine mara moja, fyu, nikaita nimesafisha. Wembe nilikuwa naukata vipande viwili, kila kipande mtu wake, lakini siku za mbalamwezi zikikolea, kipande cha mtu mmoja kiliweza kuwapitia wawili. Sasa kila mtu wembe wake mpya, anaufungua mwenyewe, na wangu wa zamani nautumbukiza kwenye kopo la chuma. Vichwa vya mashine nasugua kwanza, ndipo naviloweka, sipitishi tu. Damu ikidondoka sehemu naifuta kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa. Lile sanduku la taa ya bluu wanaloliita sterilaiza ninalo pia, mteja akiliona roho inatulia. Mimi haliniambii kitu.

Nimewapoteza wateja wawili kwa sababu nilipandisha bei ili kulipia nyembe. Waende.

Bei ndipo tulipokwama na chanjo. Dozi moja tulitozwa Sh15,000. Kichwa kimoja nanyoa kwa Sh1,500. Kwa hiyo dozi moja ni vichwa kumi, na dozi tatu kwangu na kwa mke wangu ni vichwa sitini, kabla ya nauli na kipimo. Mimi naweza kubana. Mvuvi anayelipwa kwa mgao, ambaye usiku mwingine anarudi na ndoo moja, hawezi kukaa akahesabu hivyo kwa ajili ya ugonjwa ambao haumuumi. Shemeji, mke wa mdogo wangu, alipata ya kwanza, akapata ya pili. Alipokwenda kwa ya tatu akaambiwa imeisha, ajaribu mwezi ujao. Mwezi uliofuata ilikuwepo, hela haikuwepo.

Wakati wa UVIKO mlitufuata. Mwaka 2021 wahudumu walifika mpaka hapa mwaloni na meza yao na kibebeo chao cha baridi, wakatusihi, bila kutoza hata senti. Mtu alichomwa huku ameshika kasia. Kwa hiyo tunajua inawezekana. Wasichana wanafuatwa shuleni kwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi tangu 2018, jambo jema sana, binti yangu ameipata. Siku muhudumu anapofika shuleni na sindano ya saratani moja, kwa nini asiulizie na kadi ya saratani ya pili? Maana hii nayo ni chanjo ya saratani. Ingeitwa hivyo tangu mwanzo, kaka yangu angeielewa.

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu wavuvi wote nchi kavu, hawana pa kwenda, benchi langu limejaa watu wasio na hela ya kunyoa. Katikati ya miezi hiyo ikapita Julai 28, ambayo ni Siku ya Homa ya Ini Duniani. Wameichagua kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, yule Mmarekani aliyekigundua kirusi hiki. Hapa Kibirizi mimi sikumwona mtu na sindano, wala na bango. Dozi mbili zingeingia watu wakiwa wamekaa tu.

Sasa ndiyo ombi. Wizara, mkoa, halmashauri, yeyote mwenye friji na uamuzi: njooni mbalamwezi. Kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine ni siku 29 na nusu. Dozi ya pili haitakiwi kabla ya wiki nne. Siku 29 zimetosha. Dozi ya tatu ni mbalamwezi ya saba, ukihesabu na ile ya kwanza. Mvuvi huwezi kumwambia "rudi tarehe 14", tarehe 14 yuko majini na simu kaiacha kwa mkewe. Mwambie "rudi mbalamwezi ijayo", atakuwepo, kwa sababu mwezi wenyewe unamtoa majini. Na akiwa amehamia Katonga au Kalya, huko nako mbalamwezi ni usiku uleule.

Barafu msituletee shida nayo, ila mjue kwamba chanjo hii haipendi joto wala haipendi kugandishwa. Nesi anasema ikae kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda imekufa. Nalisema hili kwa sababu kuna mtu wa masanduku ya samaki alishajitolea kuihifadhi kwenye barafu yake, kwa moyo mwema kabisa.

Uvumi utakuwepo. Umeshaanza. Mmoja aliniuliza kama haiondoi nguvu za kiume. Nikamwambia mimi ninazo dozi mbili na mke wangu hajalalamika. Mwingine akasema wanatuchoma kirusi chenyewe. Hapo nilimwita mama wa maandazi wa jirani yangu anisaidie, maana nesi alinieleza hivi: ndani ya sindano hamna kirusi, kuna kipande tu cha ganda lake, na kipande hicho hukuzwa kwa hamira. Ndiyo, hamira, jamii ya hii ya mikate. Mama wa maandazi akasema, "Kama ni hamira, basi nichomeni mimi wa kwanza." Benchi zima likacheka, na watu wanne wakauliza wapi pa kupimwa. Sikuwa na jibu la bure la kuwapa.

Mimi sina cheo. Nilicho nacho ni benchi la kukaa watu wanane, kivuli kuanzia saa nne mpaka saa kumi, na daftari ambalo naandika madeni ya kunyoa, kurasa zake za nyuma hazijatumika. Naweza kuandika majina kabla hamjafika, na naweza kuwaita wenye majina hayo mbalamwezi ya pili na ya saba, kwa sababu wanakuja kwangu hata hivyo. Siku hiyo sitanyoa. Mtumie na kiti.

Dozi yangu ya tatu ni mbalamwezi mbili kutoka leo.

Kinyozi wa mwaloni,
Kibirizi, Kigoma
(Jina langu analo mhariri)